Dede

Ulipoinua shingo nilikuwa zamu ya usiku
kiwandani Novosibirsk, nikifunga mikate kwenye nailoni.
Mama alinitumia picha: kichwa kama tikiti
kimesimama juu ya kikonyo chake, kinashangaa.
Nikamwonyesha msimamizi. Akasema mashine haisubiri.

Ulipokaa kitako bila mto
theluji ilikuwa imefunga barabara ya Naryn,
mtandao ukakatika ukiwa umeinama kushoto.
Siku tatu, Syrga, uliinama kushoto kichwani mwangu
nami sikujua kama ulianguka.

Waliosema mwana umleavyo ndivyo akuavyo
hawakuniachia nafasi ndani ya methali.
Nililea kwa pesa, na pesa hazina mapaja.

Nilikuja una miezi kumi na mitatu.
Ulinitazama, ukamtazama bibi yako Batma,
ukanitazama tena, mdomo ukajikunja pembe mbili,
kisha ukaipasua nyumba kwa kilio.
Muuguzi Gulsun akacheka kwa upole:
"Dalili njema hiyo. Sasa anajua nani wake, nani mgeni."
Nikasema ahsante.
Nikatoka nje kumwangalia farasi ambaye hatuna.

Siku ya kukata pingu huikumbuki, basi nakueleza.
Mtoto akianza kusimama dede
hufungwa miguu kwa uzi wa sufu, mweusi na mweupe uliosokotwa pamoja;
wakubwa hushindana mbio kutoka zizini,
wa kwanza hupewa kisu.
Alishinda Ermek mwana wa Tokon, kamasi zikimchuruzika,
kiatu kimoja kimebaki kwenye tope.
Uzi ukaanguka.
Ukapiga moja. Ukayumba kama mlevi wa arusi.
Mbili. Mikono juu, kama anayesalimu amri.
Tatu, nne, nami nimechuchumaa, mikono wazi,
ukanipita.
Sketi ya bibi ilikuwa hatua mbili nyuma yangu.

Yaliyofuata niliyapata kwa vipande.
Neno la kwanza, "ma"
(ulikuwa ukimwita kondoo, Mama alikiri baadaye).
"Mwenyewe!" Kijiko mwenyewe, kifungo mwenyewe,
uji ukafika mpaka kwenye nyusi.
Ulicheza kando ya Ermek, si na Ermek,
kila mtu na rundo lake la vifundo vya miguu ya kondoo,
mmepeana migongo kama majirani waliogombana.

Una mitatu, Mama alikurekodi kwa siri.
Kipande cha sabuni sikioni, unatembea huku na huku.
"Umekula? Umevaa soksi? Nitakuja matufaha yakiiva."
Kimya. Unaisikiliza sabuni.
"Usilie. Mashine inaita."
Niliitazama mara tisa.
Ndipo nilipojua mama yako ni mtu gani.

Sasa una mitano na nusu. Mnacheza kweli,
mnapeana zamu, mnatoana macho juu ya sheria.
Juzi, nasikia, ulimwachia Ermek ushindi makusudi
kwa sababu mbuzi wake alikufa.

Na jana ulipiga wewe mwenyewe.
Uso umejaa simu yote, pua na pengo la jino.
"Bibi yuko wapi?"
"Anakamua."
"Usiku huu?"
Ukanyamaza. Nikaliona wazo likipita nyuma ya macho yako
bila kushikwa mkono na mtu.
"Ng'ombe amechelewa," ukasema.

Lakini kabati la nyuma yako lina kioo,
na ndani ya kioo Mama amelala,
mkono umefungwa bandeji mpaka kiwikoni,
kidole cha mkono mwingine juu ya midomo.
Ukaisogeza simu, taratibu,
mpaka kioo kikatoka.

"Umekula?" ukaniuliza.
Nimekula, nikasema. Mkate.
Nikaisimamisha sauti yangu dede.
Hatua moja. Mbili.