Kona ya Kaskazini

Jina langu ni Kizza. Niliwafuata mapacha tumboni,
na tangu hapo nafuata nyasi.
Miaka thelathini na mmoja naufyeka uwanja huu wa shule, huku Mubende,
mimi na watoto waliochelewa, waliopiga kelele,
waliosema lugha ya nyumbani darasani.
Adhabu ndiyo mbolea pekee iliyowahi kuugusa.
Kabla yangu alifyeka Ssaalongo Bbosa,
na kabla yake, meno ya ng'ombe wa misheni.
Jembe halijapita hapa.
Udongo umezoea kunyimwa.

Mwezi wa senene, ukungu bado umelalia goli,
nikaona kitu chekundu karibu na kibendera.
Nikadhani kifuniko cha soda.
Nikadhani damu
ya yule kijana wa kidato cha pili aliyevunjika kifundo Jumamosi.
Nikapiga magoti.
Kofia ndogo kama kifungo cha sare,
nyekundu, yenye utelezi, kana kwamba mtu alipita na mshumaa,
likadondoka tone moja majanini, naye asigeuke nyuma.
Chini ya kofia, matamvua ya njano, mazito, yameachana
kama kurasa za daftari lililonyeshewa.
Sikugusa.

Sisi wa ukoo wa Uyoga hatuli uyoga.
Ni mzio wetu. Jina letu ni sahani tuliyoikataa.
Ule mweupe wa kichuguu naujua kwa harufu tu,
kwenye masufuria ya mashemeji, nikigeuza uso.
Lakini huyu mama hakuwahi kunitajia.
Nikamwita mwalimu Namusisi wa biolojia;
akachuchumaa mpaka sketi ikalowa.
"Huu haumo kitabuni," akasema.
(Mwalimu husema *huu*. Mimi nasema *huyu*.)
Akaniambia ni uyoga wa nta, na hautaki kulishwa.
Ukiupa samadi, unakufa.
Ukiupa mbolea ya chumvichumvi, unakufa upesi zaidi.
Unataka nyasi fupi, kongwe, maskini,
na mtu asiyechoka kuzifyeka.

Nilicheka. Nilidhani ananisema mimi.

Wiki hiyohiyo mkuu mpya, Bwana Tibenderana,
akashusha magunia manne ya urea.
Timu ya wilaya ingekuja Februari,
naye alitaka kijani kama cha kwenye televisheni.
"Mwaga kote, Kizza. Kona kwa kona."
Mimi ni mtu wa mshahara. Nilimwaga.
Nilianza goli la kusini, kiganja kwa kiganja,
punje zikiruka kama chumvi ya mpishi mwenye hasira.
Usiku nikarudi na kamba, tochi, ndoo ya chokaa.
Nikang'oa kibendera.
Hatua tatu kuja ndani. Nikaichora kona upya.

Basi, mabwana wa mpira, mjue:
uwanja wetu una pembe tatu nzuri na moja ya uongo.
Timu ya wilaya ilipiga kona sita upande ule,
refa alisimama palepale akifunga kamba ya kiatu,
na hakuna aliyeona.
Nje ya mstari, kwenye kipande kisicho na mwenyewe,
nyasi zimeachiwa njaa yao.

Aliishi siku nne. Siku ya tano alikuwa doa,
unyevu tu, kama mate ya mtoto kwenye shuka.
Mwaka uliofuata hakuja.
Ule wa pili alikuja, na mwenzake
mdogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti.
Mwaka huu, bado. Mvua zimewahi, senene hawajafika.

Watoto wa adhabu huniuliza natafuta nini pale asubuhi.
Nawaambia: ndugu.
Wanacheka, nawaacha wacheke,
kisha nawapa mafyekeo na kuwaonyesha
jinsi ya kukata chini, polepole,
bila kuukwangua udongo.