Sikio la Onodera

Sikio la kushoto la Onodera limejikunja
kama andazi lililokaliwa.
Daktari wa Sendai alitaka kulinyoosha, akakataa:
"Hii ndiyo stakabadhi yangu."

Mapambano thelathini na moja. Kumi na sita alishinda,
moja sare, kule Niigata, paa likivuja theluji,
watazamaji tisini, dada yake akiwamo.

Kabali ndiyo iliyomlisha.
Kabali ndiyo iliyomstaafisha: kijana wa Fukuoka,
aliyemfundisha mwenyewe, alimbana shingo
polepole, kwa adabu,
akisubiri mwalimu agonge mkeka.

Hakugonga. Akalala.

Siku hizi alfajiri anauza tofu.
Anaikata majini, juu ya kiganja,
kwa mikono ile ile,
na hakimeguki hata kipande.