Kabla ya Dole Gumba

Subiri kwanza, Dokta Limi.
Kusoma najua. Kurasa zenu tano nimezisoma
usiku, kwa tochi ya simu, mafuta ya jana yakipoa karaini.
"Mshiriki." Hilo ndilo jina langu humu, mara kumi na nne.
Mimi ni Minza Lubango,
karai la tatu ukitoka lango la mwalo, Kirumba.
Liandikeni.

Mnataka ini.
Mnasema linaingiwa mafuta bila homa, bila kikohozi,
kama mpangaji anayehamia usiku.
Samahani, Profesa, nacheka. Mimi ni Msabato.
Pombe naijua kwa harufu ya jirani.
Hata dada yangu Ng'walu alikuwa Msabato,
mnene, wa kupendeza; wakwe walimsifu: huyu katunzwa.
Kisha tumbo likajaa maji, macho yakawa rangi ya mawese.
Msibani nusu walisema kalogwa,
nusu wakasema alikuwa akinywa kwa siri.
Yalinikata maini maneno yale.
Ndiyo, Profesa, ndivyo tunavyosema.
Limi, mtafsirie taratibu:
sisi uchungu hatukuuachia moyo peke yake.

Sasa sikilizeni habari ya sangara.
Hushushwa hapa mzima.
Mnofu huingia kiwandani, hupanda ndege.
Bondo lina ndege yake.
Kwetu hubaki panki: kichwa, uti wa mgongo, mkia,
nalo tunalikaanga kwa mafuta yaliyokwisha kukaanga juzi,
maana dumu jipya ni faida ya siku tatu.
Na mwaka ule wa masanduku ya bluu yenye barafu
walikuja watu wapole kama nyinyi.
Damu ya wanawake sitini wa mwalo huu ilipanda ndege.
Jibu mpaka leo liko angani.
Hapo ndipo nilipojua: kumbe na sisi tuna mnofu.

Ukurasa wa nne mnauliza kama natembea.
Nakaa Igogo, juu ya mawe.
Ngazi mia na themanini na tatu, ndoo kichwani;
nimezihesabu kwa magoti.
Mnauliza nakula mara ngapi.
Mchana soda na andazi, moto hauachwi peke yake.
Chakula ni saa tano usiku, sembe,
halafu mkeka.
Ng'ambo ya maji naona taa za Kapripointi.
Kule nako, Limi kaniambia, maini yana mafuta,
ila wao huambiwa mapema,
sisi huambiwa na mchimba kaburi.
Swali hilo liko ukurasa gani? Sikuliona.

Mashine ibaki. Si picha yake, yenyewe.
Ufunguo wa friji akae nao Limi,
binti wa fundi baiskeli wa Nyakato,
ambaye mmemwandika "msaidizi"
na hali ndiye aliyewaonyesha mlango wangu.
Majibu yasomwe hapa mwaloni, kwa sauti,
Kiswahili, na Kisukuma kwa ajili ya mama Holo,
kabla hayajavaa tai na kwenda mikutanoni.

Uliponyamaza, Profesa, nilidhani umekasirika.
Ukafunika kalamu. Ukaniuliza:
"Wewe ungeuliza nini?"
Miaka ishirini na sita karaini, hakuna aliyewahi.
Nilibaki na koleo mkononi, samaki akaungua.
Nyuma yangu wenzangu wakaanza kubishana,
Nyanjige akitaja bei ya mchicha,
mwingine viatu,
mwingine akilia tu, sijui kwa nini.
Nikasema:
ulizeni njaa hii inayonenepesha
imetoka wapi, na nani anaiuza.

Limi aliiandika pembeni, kwa mkono wake,
juu ya swali lenu la kwanza.

Haya, leteni wino.
Sahihi ninayo, lakini dole haliigizwi.
Na hilo doa la mafuta kando yake
msilifute.
Hilo nalo ni takwimu.