Kadi ya Ningu

Zamani waliniletea wakorofi.
"Nenda maktaba, ukakae kimya!"
Nami nikawa mlinzi wa adhabu,
funguo kiunoni, vumbi puani,
na daftari la kusaini lenye safu moja: Kosa.

Jumatatu moja Mwalimu Lushinge wa Baiolojia
akaja bila mkorofi.
Akavuta kiti chenye mguu mbovu, akakaa kwa tahadhari:
"Bi Nyamizi, wiki ijayo nafundisha samaki wa ziwa letu.
Una nini?"

Una nini!
Miaka sita hapa Kayenze
hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nilikuwa na kitabu kimoja, jalada limeliwa na mchwa,
kimejaa samaki wa bahari za watu.
Gogogo hayumo. Ningu hayumo.
Furu katajwa mstari mmoja, kama mtoto wa kambo.

Tulikaa hadi taa za dagaa zikawaka ziwani,
yeye na maandalio yake ya somo, mimi na kadi zangu tupu.
Tukabishana.
Yeye alitaka majibu yaandikwe ubaoni,
mimi nilitaka watoto wayahangaikie.
Akashinda kidogo, nikashinda kidogo.

Alhamisi wakaingia Kidato cha Pili B,
arobaini na wanane, viti ishirini.
Kila mmoja kadi yake:
jina la samaki, umbo, chakula chake,
na *nani kakwambia*.
Hilo la mwisho lilikuwa langu.

Kwandu, niliyeletewa mara nne kwa utoro,
hakugusa kitabu. Aliinama, akaandika:

*Ningu. Mvua zikianza hupanda mtoni kutaga.
Bibi alikuwa akimchoma kwa chumvi tu.
Mimi sijamwona.
Kaniambia: bibi, Mbuke Sospeter, mchuuzi, mwaloni.*

Mwalimu akaisoma mara mbili.
Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, hakuifungua.
"Hii," akauliza, sauti imeshuka, "tuiweke wapi?"

Nikavuta droo inayokwama.
Kati ya Nge na Nishati
palikuwa na nafasi ya unene wa kadi moja.

Jumamosi bibi mwenyewe akaja, ndoo ya dagaa kichwani,
kuona jina lake lilipolala.
Hasomi. Akalipapasa kwa kidole, akacheka,
kisha akaniambia nimekosea:
hachomwi kwa chumvi tu, na ndimu pia.
Nikaongeza.

Wakorofi bado wananiletea.
Wengine, nasikia, siku hizi wanakorofisha makusudi.