Mundu Wenye Mnyororo

Kirumba, Jumamosi. Umeme umekatika tangu saa mbili.
Juu ya duka la nyuzi za nyavu tumewasha tochi ya simu,
tukaisimamishia chupa ya maji ili mwanga utawanyike.
Mezani kuna pango nililolichora nyuma ya kalenda,
dadu ya pande ishirini, karanga, birika la chai.
Mimi ndiye mwamuzi. Neno langu ndilo mvua, ndilo mlango.

Nshoma, fundi wa kuchomelea mageti kule Nyakato,
kamuumba mpiganaji wake wiki nzima
na hataki upanga. Upanga, anasema, kila mtu anao.
Anataka mundu uliofungwa mnyororo,
na mwisho wa mnyororo, tonge la chuma.
Kokusima, nesi wa zamu ya usiku, alicheka karanga zikamtoka:
"Humo pangoni hamzidi upana wa mikono miwili.
Utauzungushia wapi? Tumboni mwangu?"

Nikafungua daftari. Nikaandika: *toa mbili kwa kila pigo*.
Nikafuta. Nikaandika: *toa nne*.
Nshoma akanitazama kama mtu aliyepunjwa kwenye mzani.
"Umewahi kuushika?"
"Sijawahi."
"Basi unaandika nini?"

Tukashuka uani. Mwezi ulikuwa juu ya mawe,
yale mawe yetu yaliyobebana kama watoto waliogoma kushuka,
na nyuma yake ziwa, likinuka dagaa na dizeli.
Cheni ya baiskeli. Mundu wa kukatia majani ya mbuzi.
Nati ya lori badala ya tonge.
Akazungusha: vuu. Tukapiga makofi.
Tena: vuu. Kokusima akarudi nyuma hatua tatu.
Mara ya tatu nati ikajiamulia safari,
ikaikumbatia kamba ya nguo ya Bhoke,
na shuka mbili, sare ya shule, na kanga
iliyoandikwa *Nyie semeni, mimi nalala*
vikaja chini, juu ya kichwa cha shujaa.

Bhoke akatoka, sindano ya nyavu bado mkononi.
Hakutukana. Hilo ndilo lililotutisha.
Akauokota mnyororo, akaupima kiganjani.
"Huyo adui yenu ana miguu mingapi?"
"Minne," nikasema. "Na mkia."
"Na huyu anamlenga kichwa?" Akasonya.
"Kamba haipigi. Kamba inaachiwa.
Huo mundu ni wa baadaye, akishalala."
Akaurusha chini chini, bila kuzungusha,
ukanasa miguu ya kiti cha plastiki; akavuta,
kiti kikamjia kama sangara aliyechoka.
"Haya. Sasa fueni nguo zangu."

Ndivyo ilivyoandikwa kanuni ya kumi na saba:
*Mundu wa mnyororo. Pangoni haufai.
Penye uwazi hauumizi, huangusha.
Dadu ikitoa moja, utafua.*

Joka tuliliacha mlangoni hadi Jumamosi nyingine.
Karai lilikuwa moja tu,
na maji ya bomba hukatika saa nne.