Sabini Kasoro

Tulimwambia mama: mwaka huu hupiki.
Tulimwambia kwa simu, tukamwambia tena Riga, uwanja wa ndege.
Aivars akamwandikia hata kwenye bahasha ya tiketi,
HUPIKI, kwa herufi kubwa, kama onyo la chupa ya dawa.
Miaka thelathini na minane amekoroga uji wa shayiri
wa shule moja ya Liepāja, watoto mia tatu,
na jioni akaja kutukorogea sisi.
Sabini si mchezo. Tukachanga.
Mimi tiketi, Aivars nyumba, Sanita gari
(gari lenyewe dogo, magoti ya Rūdis yalikaa masikioni),
tukampeleka Krete mwezi wa saba,
kwenye jua ambalo sisi kwetu tunagawiwa kwa kijiko.

Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti cha ufukweni
na viatu miguuni.
Siku ya pili alivua kimoja.
"Bahari nzuri," akasema, "ila ina joto kama maji ya vyombo."
Siku ya tatu hakusema kitu. Tuliiona mikono yake
ikikunja taulo, ikikunjua, ikikunja,
mikono iliyostaafu na haijaambiwa.

Ya nne ndiyo ilikuwa yenyewe.
Meza ya watu sita chini ya mzabibu, mgahawa wa Argiro,
arubuni nimetoa tangu mwezi wa tano.
Keki tumeibeba kutoka nyumbani: mkate wa zafarani
uliosokotwa kama fundo, umejaa zabibu kavu,
umepanda ndege mapajani mwa Elza.
Tukapaka nywele maji, tukavaa.
Mama akasema anakwenda kunawa mikono.

Dakika tano. Kumi. Robo saa.
Sanita akagonga mlango wa choo: mtu mwingine, Mjerumani mmoja.
Aivars akashuka hadi ufukweni na tochi ya simu
akiita, sauti yake imerudi kuwa ya miaka sita.
Ni Rūdis aliyemwona, kupitia dirisha la jikoni:
kajifunga aproni ya watu,
kisu mkononi, ndoo ya viazi katikati ya magoti,
na Argiro mkabala naye, anamenya pia, anaeleza jambo
refu, kwa Kigiriki, labda la mume.
Mama akatikisa kichwa, akajibu kwa Kilatvia:
"Ndivyo walivyo. Hata chumvi ilipo hawaijui."
(Baba ana miaka tisa kaburini;
kumbe bado anatafuta chumvi.)
Wakacheka wote wawili, mahali palepale.

Niliingia na hasira yangu na arubuni yangu.
Nikafungua mdomo.
Ganda la kiazi lilikuwa likishuka kutoka kwenye kisu chake,
jembamba, refu, halikatiki,
na sijui kwa nini nilingoja lifike mwisho.
Kisha nikauliza kama kuna kisu kingine.

Kwetu, mwenye siku yake huketishwa kitini
akainuliwa mara kadiri ya miaka yake.
Wa miaka saba ni mchezo. Wa sabini, jipangeni.
Aivars ana mgongo. Sanita alivaa viatu virefu.
Basi wakaja wana wa Argiro, na mchoma samaki,
na yule Mjerumani wa chooni,
juu! chini! juu! Elza akihesabu kwa Kilatvia,
Lefteris kwa Kigiriki, hesabu zao hazikukutana.
Arobaini na kitu, kiti kikalia.
Hamsini, tukapumzika, tukanywa maji.
Baada ya sitini hakuna aliyejua tena.
Elza anaapa ilikuwa sabini na moja;
Aivars, kajishika kiuno, anasema sitini na tisa na inatosha.

Mama huko juu, aproni bado kiunoni,
ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili,
nywele zimegusa majani ya mzabibu.
Nilidhani atalia. Sisi wa chini tulikuwa tumeshaanza.
Yeye akanyoosha shingo, akanusa,
akasema, "Nishusheni.
Kuna kitu kinaungua."

Na kweli kilikuwa kinaungua.