Kupogoa

Mwezi wa nane, Hombolo. Napogoa zabibu
kwa mkasi wa kuazima, mali ya Nhonya.
Kila tawi nabakiza macho mawili.

Usiku, nikingoja zamu yangu ya maji,
nasoma kwa tochi kitabu kisicho jalada
alichoniachia Mwalimu Chiwanga alipohamishiwa Mpwapwa:
habari za waandishi wa Uajemi ya kale.

Wamo washairi. Hao husifu kikombe ukurasa mzima,
mvinyo, bustani, mnyweshaji mwenye nyusi za upinde,
na hakuna hata mmoja anayetaja ubwiri unga
wala bei ya kilo kiwandani.
Nilicheka peke yangu gizani. Mbwa akainuka.

Ila yupo mmoja, mwanahistoria,
katibu wa mji wa kaskazini. Jina lake wamelila panya.
Kazi yake ilikuwa wafalme:
nani katawazwa, nani kapofushwa na nduguye.
Mwaka wapanda farasi walipouzingira mji
anaandika bei ya ngano,
kisha bei ya mkate, kisha bei ya paka.
Halafu: *Hapa wino umeganda kwa baridi.*
Basi. Ukurasa wa pili mwandiko ni wa mtu mwingine.

Bibi yangu Mbeho hakujua kusoma.
Miaka aliihesabu kwa njaa.
Yeye kazaliwa Mtunya,
mdogo wangu kazaliwa mwaka wa unga wa yanga,
na katikati ipo mingine
aliyoitaja kwa kunyoosha kidole tu, upande wa makaburi.
Wafalme hawamo. Yumo mtoza kodi mmoja
aliyeondoka na mbuzi mwenye mimba.

Wangekutana wale wawili
mlangoni pa tembe yetu, upepo ukipuliza vumbi,
katibu angeuliza mtama ulikuwa bei gani, aandike.
Bibi angemkatiza:
“Mtama haukuwepo. Andika jina la mbuzi.”

Maji yamefika, mfereji unagugumia.
Nyuma ya ile sentensi iliyoganda
pana nafasi nyeupe, upana wa vidole vitatu.
Nimechomoa kalamu mfukoni,
nikaandika Hombolo, na mwaka, na jina la mbuzi.
Kalamu kumbe imekwisha.
Kwa tochi huoni kitu.
Papasa na kidole.